Tunayemtaka Aseme, Tutamsikilizaje?

Twawahimiza wenye virusi vya UKIMWI waseme ukweli. Je, sisi twaupokeaje? Mnamo Desemba 1998, Gugu Dlamini wa KwaMashu, Afrika Kusini, alipigwa na watu wa mtaani kwake hadi kufa baada ya kutangaza hali yake. Mwenzi wa ndoa anastahili kuambiwa, naam. Tena atumiaye dawa barabara, virusi vikafubaa visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Bali jirani anayemtengea mgonjwa kikombe na sahani, anastahilije siri hiyo? Aogopaye umbeya huficha vidonge, huruka dozi, na virusi huzaliana upya. Tusimdai ukweli kabla hatujazitia hatamu ndimi zetu.