Daktari Naye Afundishwe

Ndugu zetu wengi walioko Ulaya na Marekani hudhiliwa kwa ajili ya rangi yao, kazini na njiani, hata usingizi ukawapotea. Akienda mmoja wao kwa daktari wa akili akasema, "Watu wananidharau," yawezekana daktari akaandika kuwa ni wasiwasi wa mgonjwa tu. Basi hapo mwenye haja ya kufundishwa ni nani?

Mwaka 1953 Frantz Fanon, mtu mweusi wa Martinique, aliingia kazini katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blida, Algeria. Madaktari wa Kifaransa wa huko walikuwa wakisomesha kwamba akili ya Mwislamu ni pungufu kwa maumbile. Fanon hakuyakubali hayo. Walakini naye alikosea. Chini yake walikuwamo wanawake 165 wa Kizungu na wanaume 220 Waislamu, akawapangia wote mambo ya Kizungu: mikutano, sherehe, kazi za mikono. Wanawake wakapata nafuu, wanaume wakakaa kimya. Wangesemaje? Daktari hakujua Kiarabu, na mkalimani walimzoea mahakamani na mbele ya serikali.

Twampendea hili, kwamba hakuwalaumu wagonjwa. Alijihukumu nafsi yake, na mwaka 1954 akayaandika makosa hayo pamoja na mwenziwe. Ukafunguliwa mkahawa wa desturi ya kwao, Idi zikasherehekewa, akaja na msimulizi wa hadithi.

Wala hayo hayakuwa mbali nasi. Mwaka huohuo 1954 J. C. Carothers, aliyekuwa daktari wa Mathari, Nairobi, aliiandikia serikali ya Kenya kitabu kilichotafuta asili ya Mau Mau katika akili za Wakikuyu zaidi kuliko katika ardhi yao iliyochukuliwa.

Mwaka 2021 jumuiya mbili kubwa za Marekani, ya madaktari wa akili na ya wanasaikolojia, ziliomba radhi kwa ubaguzi wao. Ni vyema, illa radhi haimfundishi mtu kuuliza. Kufundisha kuuliza kumo katika maswali 16 yaliyotiwa mwaka 2013 ndani ya kitabu cha madaktari hao: mgonjwa auitaje ugonjwa wake, auonaje chanzo chake, asili yake yamzidishia nini. La mwisho lamgusa daktari mwenyewe: je, mgonjwa ana hofu kwamba hawataelewana kwa kuwa asili zao ni mbalimbali? Mwandikieni ndugu yenu aliye huko, asipoulizwa hilo, alitaje yeye.