Mbawakawa Mwenye Jina la Kigeni

Wako watu katika mtaa wetu wa Komarock ambao huwaka hasira wasikiapo habari za mbawakawa aliyeitwa kwa jina la Greta. Husema kuwa mdudu ni wa Kenya, jina ni la binti wa Uswidi, na mwili wake umehifadhiwa London. Je, huo si unyang'anyi? Hasira hiyo naifahamu, na sehemu yake ina haki. Lakini imeelekezwa pasipo mahali pake.

Katika miaka ya 1964 na 1965, bendera yetu ikingali mpya, Mwingereza William Block alikusanya udongo na majani yaliyooza katika Afrika Mashariki. Mwaka 1978 mkusanyo wake ulipokewa na Jumba la Makumbusho ya Viumbe la London. Ukakaa humo hata Michael Darby alipouchungua kwa hadubini, na mwaka 2019 akautangazia ulimwengu mbawakawa mpya, Nelloptodes gretae, kwa heshima ya Greta Thunberg, binti apiganiaye hali ya hewa ya dunia. Mdudu mwenyewe ana urefu wa milimita 0.79, hana macho wala mabawa.

Hesabu miaka, msomaji. Toka 1965 hata 2019 ni miaka 54. Muda huo wote udongo wa Kenya ulikuwa Kenya. Kanuni ya wataalamu wa wanyama ni kwamba jina la kwanza lililotangazwa kwa utaratibu ndilo lishikalo, wala halifutwi kwa kuwa halikumpendeza mtu. Basi anayenung'unikia jina agombana na mlango uliokwisha kufungwa. Dawa ilikuwa moja tu, nayo ni kutangulia.

Na kutangulia ni kazi. Majani makavu huchekechwa. Uchafu uliopita katika chekeche hutiwa ndani ya faneli chini ya taa. Wadudu hukimbia joto na ukavu, wakashuka, wakaanguka katika chupa ya spiriti. Hayo yaweza kufanywa kwa bati la fundi wa jua kali na balbu moja. Ugumu huanza baadaye. Mchunguzi hana budi kumlinganisha mdudu wake na ndugu zake wote waliokwisha kuelezwa, apime pembe na miguu, apasue viungo vya uzazi vilivyo vidogo kuliko chembe ya mchanga, achore, aandike, kisha amchague mmoja awe mfano halisi ambao watu wote watakaokuja watamrejea. Pengine baada ya miezi mingi hugundua kuwa mdudu alikwisha pewa jina zamani. Hapo huanza upya.

Yasemwa kuwa hii ni kazi ya Wazungu wenye nafasi. Si kweli. Thomas Odhiambo, Mkenya, alieleza na kuwapa majina wadudu wafyonzao mimea katika Afrika kabla hajaanzisha kituo cha uchunguzi wa wadudu, icipe, hapa Nairobi mwaka 1970. Hakungoja kuitwa.

Wengine huuliza faida. Mbawakawa wa jamii hii hula mbegu za kuvu katika majani yaozayo, na pasipo kuoza msitu haupati chakula. Tena katika misitu ya milimani wamo wadudu wengi wasioruka. Asiye na mabawa hawezi kuvuka bonde la joto akahamia mlima mwingine, kwa hiyo msitu wake ukifyekwa naye amekwisha. Wafaransa Alluaud na Jeannel walipanda Mlima Kenya na Kilimanjaro mwaka 1911 na 1912, na mbawakawa wao wako Paris hata leo. Nani atautetea mahakamani mdudu asiye na jina? Mwenye shoka hujibu kuwa hapana kitu pale ila takataka.

Sasa nirudi kwenye sehemu ya haki. Mwanafunzi wa Nairobi atakaye kulinganisha mdudu wake na mifano halisi hulazimika kutafuta nauli ya Ulaya au kuomba azimwe. Hilo ndilo la kupigiwa kelele. Tudai picha zote, tudai mifano ya pili, tudai kuwa mifano halisi ya leo ikae katika Makumbusho ya Taifa. Na serikali iwalipe watunzaji wake kama watu wenye ujuzi. Nasi tuache kumcheka mtoto anayeinamia wadudu, kana kwamba amekosa akili ya kusomea sheria.

Mtaa wetu umejengwa juu ya udongo mweusi unatao miguuni wakati wa masika. Si msitu wa mlimani, nakiri. Walakini chini ya miti michache ya uani majani huanguka na kuoza kila mwaka, na kila Jumamosi twayafagia, twayachoma moto. Ningependa kumjua mtu wa Komarock ambaye hata mara moja ameyatia kwanza katika chekeche.