Cheo Hakiombwi kwa Kukimbia Zamu

Wahenga walinena ya kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu anayetaka kiti cha ofisi naye hana budi kuonyesha kwamba darasani aliinama vya kutosha. Jambo hilo lilidhihirika mjini Gisenyi, katika nyumba ya askari polisi mmoja ambaye mkewe ni mwalimu wa shule ya msingi.

Bibi huyo alipata cheti chake katika Chuo cha Ualimu cha Gacuba II, huko huko wilayani Rubavu, na amefundisha kwa miaka minane. Siku moja alisoma tangazo kwamba shule moja kubwa ilihitaji mwalimu wa kufanya mafunzo ya kazi katika utawala, yaani staji, kwa muda wa miezi sita. Atakayechukuliwa angekaa karibu na mwalimu mkuu, manaibu wake wa masomo na wa nidhamu, katibu na mhasibu, apate kujifunza jinsi shule inavyoendeshwa. Bibi akapeleka barua, naye akaitwa kwenye usaili.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, watoto walipokwisha kulala, mume alivuta kiti upande wa pili wa meza akajifanya mwenyekiti. Yeye mwenyewe alikwisha kusailiwa mara mbili kwa ajili ya cheo, na mara ya kwanza alishindwa.

"Mwalimu, kwa nini unataka kuliacha darasa?"

"Nimechoka, Afande," bibi akajibu huku akicheka. "Watoto ni wengi, kelele ni nyingi, na vumbi la chaki limenijaa kifuani."

Mume hakucheka. "Mama watoto, hivyo ndivyo nilivyojibu mimi mara ya kwanza. Niliwaambia zamu za usiku zimenichosha. Askari anayeomba cheo ili akwepe zamu, nani atamkabidhi wenzake awapangie zamu?"

Bibi akanyamaza. Kisha akachukua daftari, akaandika kazi zote alizozifanya darasani ambazo kwa hakika zilikuwa kazi za ofisi: kutunza rejista ya mahudhurio, kuongoza mikutano ya wazazi wa darasa lake, kukusanya michango na kuikabidhi kwa stakabadhi. Alipomaliza, ukurasa ulikuwa umejaa.

Asubuhi alikuta wasaili watatu. Swali la kwanza likawa lile lile la mumewe. Mwenyekiti aliongeza kwamba mwezi Agosti 2022 Serikali ya Rwanda iliongeza mshahara wa walimu wa msingi wenye cheti cha A2 kwa asilimia 88. Basi mwalimu anakimbia nini?

"Sikimbii, Bwana Mwenyekiti," bibi akajibu. "Darasani naona mtoto hayupo, lakini siwezi kuwaacha waliopo nikamfuate. Nataka kujifunza namna ofisi inavyomrudisha."

Wasaili wakalishika neno hilo. Wakamwuliza juu ya mtoto anayekosa shule kila siku ya soko kwa kuwa hubeba mizigo karibu na Petite Barrière, kivuko ambacho umati wa watu hupita kwa miguu kati ya Gisenyi na Goma. Je, afukuzwe? Bibi alisema kwamba kumfukuza ni kumkabidhi kwa mizigo moja kwa moja. Kwanza aitwe mzazi, aulizwe fedha hizo humlisha nani nyumbani. Ndipo kamati ya wazazi na viongozi wa mtaa washirikishwe.

Likaja swali la fedha. Tangu Septemba 2022 mchango wa mzazi kwa chakula cha mtoto wa chekechea au wa msingi uliwekwa kuwa faranga 975 kwa muhula, sehemu kubwa ya gharama ikibebwa na Serikali. Mzazi akija mikono mitupu, itakuwaje? "Mtoto atakula," bibi akasema. "Deni litaandikwa kwa jina la mzazi, wala halitatajwa mbele ya darasa."

Kisha wakamkumbusha misiba ambayo kila mtu wa Rubavu anaikumbuka. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba nyingi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika katika mvua zilizoua watu zaidi ya 130 nchini. Asubuhi ya baada ya msiba wa namna hiyo, ofisi ya shule ifanye nini kwanza?

"Ihesabu watoto kabla ya kuhesabu madawati," akajibu. "Wala asiingie mtu katika chumba chenye ufa mpaka mafundi wakikague."

Swali la mwisho lilihusu SDMS, mfumo wa kompyuta unaotunza takwimu za wanafunzi. Hapo bibi angeweza kubabaisha. Hakubabaisha. Alikiri kwamba hajawahi kuuendesha, na kwamba takwimu za darasa lake huziandika kwa mkono na kumpelekea katibu.

Baada ya wiki moja majina yalitolewa. Bibi alikuwa wa pili, na nafasi ilikuwa moja. Aliyechukuliwa alikuwa mwenziwe aliyeijua kompyuta. Jioni ile mume alikuwa akienda zamu. Hakutoa hotuba, aliwaogesha watoto, akamwekea mkewe chai mezani, akaondoka.

Jumatatu bibi alirudi darasani. Mwalimu mkuu wake alikuwa amekwisha kusikia habari za usaili, na hasa jibu la mtoto wa mizigo. Akamkabidhi rejista za madarasa yote ya nne, si la kwake peke yake, na kumruhusu kujifunza kompyuta ya shule siku za Jumamosi pamoja na katibu.

Katika nyumba za askari, ambamo uhamisho na usaili wa vyeo ni mambo ya kawaida, yafaa mume na mke wasailiane mezani kabla mmoja wao hajasailiwa na wageni. Mwenye kuitwa aandike kazi alizokwisha kuzifanya, si sifa anazojipa. Na asilolijua alikiri, kisha aende akalijifunze.

Mwalimu yule amekwisha kuwafuata watoto watatu wa rejista zile mpya hadi makwao, na wawili wamerudi shuleni. Kila Jumamosi huondoka kwenda kwenye kompyuta, na mume akiwa hana zamu, yeye ndiye hubaki na watoto.