*TAMKO LA TAWI: TULIPE MADENI, LAKINI KUZIMWA KUWE NA MIPAKA*



Wiki hii ofisi ya tawi imepokea malalamiko ya ndugu yetu bodaboda. Alichelewesha rejesho, pikipiki ikazimwa kwa mtambo. Jumamosi jioni akalipa, meseji ya malipo anayo. Pikipiki ikawashwa Jumanne. Rejesho lake ni sh. 12,000 kwa siku. Jumapili na Jumatatu hakubeba abiria, lakini mkataba ukamhesabia sh. 24,000. Kwa lugha ya uhasibu, amelipishwa mali ambayo aliyemkopesha alikuwa ameizuia.

Tuseme ukweli: deni ni deni. Bila kizuizi hicho, wengi wetu tusio na hati ya nyumba tusingepata pikipiki, simu wala sola ya mkopo. Tawi halitetei wakwepaji. Tunachokataa ni mtu mmoja kuwa mdai, hakimu na dalali kwa kubonyeza kitufe tu.

Mnakumbuka TCRA ilipozima simu bandia usiku wa 16 Juni 2016. Tangazo lilitoka tangu Desemba 2015, na kila mtu aliweza kukagua simu yake kwa *#06#. Kama Serikali ilitoa miezi sita, mkopeshaji atashindwaje kutoa siku saba?

Tunayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, Kanuni za BoT za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ni msingi mzuri. Tunataka kuzima kwa mbali kutajwe waziwazi, hivi:

1. Notisi ya maandishi, kwa Kiswahili, kabla ya kuzima.
2. Chombo kisizimwe kikiwa barabarani. Fikirieni abiria wa usiku barabara ya Lamadi.
3. Simu iliyofungwa iendelee kupiga namba za dharura.
4. Ukilipa, kiwashwe siku hiyo hiyo, hata kama ni sikukuu.
5. Siku za kuzimwa baada ya kulipa zisihesabiwe deni.
6. Ukimaliza deni, kizuizi kiondolewe kabisa.

Mkoa wetu unaishi kwa pamba. Fedha inaingia msimu wa mauzo, rejesho linadaiwa kila siku. Mikataba izingatie hilo.

*Kazi yetu:* Jumamosi saa 9 alasiri, ofisi ya tawi, kila mwenye mkopo wa aina hii aje na mkataba na meseji za malipo. Tutapiga hesabu pamoja, kisha tupeleke mapendekezo Kata ili yamfikie Mbunge. Malalamiko yasiyo na karatasi hayafiki mbali.

Na usisaini usichokisoma. Ukikwama, uliza kwanza.

*Katibu wa Tawi*
Bariadi, Simiyu