Kazi Isiyoingia Katika Hesabu

Yako madai yanayorudiwa mara nyingi katika kumbi za mihadhara, tena na watu wenye shahada, kwamba uchunguzi wa jinsia ni vazi la kuazima lililoshonwa Ulaya na Marekani, na kwamba maendeleo ya nchi hutafutwa kwa mbolea, barabara na mitambo, si kwa kuuliza nani mume na nani mke. Madai haya husikilizika vizuri. Kasoro yake ni kuwa hayajapata kupelekwa pwani yakajaribiwa.

Kabla ya kufika huko, hoja moja ya lugha yafaa iondolewe njiani. Husemwa kwamba Kiswahili hakibagui. Kiambishi “a-” ni cha mume na mke pia, basi ugomvi wa jinsia ni mgeni kwa Waswahili. Kwa sarufi ni kweli. Walakini sarufi haigawi mashamba, wala haipangi nani ateke maji. Na wale wanaomshika Mwana Kupona kuwa shahidi wa utii wa mke husahau kwamba wosia ule wa 1858 ni kazi ya mwanamke aliyeimudu lugha ya utenzi, akimrithisha binti yake maarifa.

Sasa mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani. Wanaume wengi waliojaribu mwanzoni waliiacha kazi hii, maana bei ilikuwa ndogo, na uvuvi na utalii ulilipa zaidi. Wakabaki wanawake, ambao hata leo ndio wengi wa wakulima wake. Mkulima hushuka pwani wakati wa bamvua maji yakipwa, akapigilia vigingi mchangani, akanyosha kamba, akafunga vipande vya mwani kimoja kimoja, akangoja yapata wiki sita ndipo avune, aanike, na kupeleka mzigo kwenye mizani ya mnunuzi. Fedha ile, ingawa haba, imeezeka nyumba na kununua sare za shule.

Mwani huo ni wa aina mbili kubwa. Mmoja, wafanyabiashara huuita kotoni, una bei nzuri. Wa pili, spinosamu, bei yake ni duni. Maji ya kina kifupi yalipozidi joto, kotoni ikaugua na kufa, ikabaki spinosamu. Wataalamu wa bahari wakatoa dawa iliyo sahihi kabisa: kotoni ipandwe katika maji ya kina, ambako joto ni pungufu. Mgonjwa hakuweza kuimeza. Maji ya kina yataka chombo na yataka kuogelea. Vyombo katika vijiji vile ni vya wanaume, na wanawake wengi hawakufundishwa kuogelea utotoni. Hapo joto la bahari, bei ya soko na malezi ya msichana vimefungwa katika kamba moja. Mchumi asiyeuliza habari za malezi ataandika kwamba mkulima hapendi mabadiliko. Atakuwa amekosea, na gharama ya kosa lake italipwa na mkulima.

Kosa hili si jipya. Ester Boserup alikwisha lionyesha katika kitabu chake cha 1970: watawala wa kikoloni Afrika, waliozoea kwao kumwona mkulima kuwa ni mwanamume, walimfundisha mume zao la biashara na zana mpya, wakamwachia mke jembe la mkono.

Limo pia katika hesabu za taifa. Kanuni za kimataifa za kupima pato la nchi, hata zilivyosahihishwa mwaka 1993, hukubali kuhesabu maji yaliyotekwa kisimani kwa matumizi ya nyumbani. Illa kupikia maji yale, kufua, kumwuguza mzee na kulea mtoto, hayo hazikubali. Mpishi wa hoteli huongeza pato la taifa mpaka saa ya kutoka kazini. Akifika kwake akawapikia watoto, haongezi kitu! Mahakama imekuwa na macho kuliko wachumi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 yaagiza kwamba mali ya ndoa igawanywapo, utazamwe mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango. (Mke aliyeleta shauri lile hakupata kitu, kwa sababu nyingine, msingi wa hukumu ukabaki.) Ikiwa jaji aweza kuipa kazi hiyo thamani, mhesabu ashindwe na nini?

Lawama nyingine ni ya marafiki wa uchunguzi huu. Wako wanaodhani wamechunguza jinsia wakishahesabu wanawake waliohudhuria semina. Wako ambao mwanamume hayumo kabisa katika utafiti wao, kana kwamba vyombo vile vya pwani havina wenyewe. Na tasnifu nyingi juu ya mwani zimeandikwa kwa Kiingereza, zikajaladiwa, zikawekwa rafuni. Mkulima aliyejibu maswali juani, maji yakimfika magotini, hapati hata karatasi moja ya kusoma. Muhtasari wa Kiswahili, wa kurasa mbili tu, ungeweza kubandikwa penye ghala ambapo mwani hupimwa, na mwenye mtumbwi apitapo angeusoma pia.