Mkanda wa jeshi ukikaa makalioni, muulize mzee kama amekojoa

Mkanda wa jeshi wa mbavuni wengi tunaujua: upande mmoja wa mwili unawaka moto, kisha malengelenge yanajipanga. Usiosemwa ni ule wa makalioni, kinenani au sehemu za siri. Huo, ndugu msomaji, unaweza kufunga mkojo wa mzee wako.

Kirusi ni kilekile cha tetekuwanga. Mtu akipona, chenyewe hujificha kwenye mizizi ya neva kando ya uti wa mgongo, na kinga ikipungua uzeeni huamka. Neva za chini kabisa ya mgongo ndizo zinazohisi ngozi ya makalio, na ndizo zinazokiamuru kibofu kisukume. Zikivimba, kibofu hujaa kikanyamaza. Hata choo kikubwa huweza kugoma.

Kinachotuponza ni aibu. Mzee wa Bweni au Jibondo hamwonyeshi mkwewe makalio! Tena ule uvumi kwamba kila mwenye mkanda ana Ukimwi umewafunga wengi midomo. Kweli, VVU huongeza uwezekano, na kupima ni vizuri. Lakini kwa mtu wa miaka 70 umri peke yake unatosha. Basi akifika kituoni anataja mkojo tu, na wote wanawaza tezi dume. (Bibi naye je, ana tezi dume?) Taja upele, hata kama umeanza kukauka.

Dawa ya kupambana na kirusi hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utoke. Mkojo uliofunga hutolewa kwa mpira, na wengi kibofu hurudia kazi yake baada ya wiki kadhaa. Kuchelewa ndiko kunakoleta maambukizi na kuumiza figo.

Kwa aliyeko Juani au Jibondo, safari ya hospitali ya Kilindoni huanza na chombo, na chombo hufuata maji na upepo. Usingoje tumbo la chini livimbe usiku. Mkojo wa matonematone usikudanganye. Kibofu kinaweza kuwa kimejaa kikafurika. Usimnyweshe maji mengi eti afunguke. Miguu ikilegea, ondokeni papo hapo.

Kama wewe mwanawe unaona haya kumuuliza, mtume mjukuu. Babu na mjukuu ni watani, na huko maneno hayo husemeka.