Kichekesho cha Kura Nacho Kina Sheria Zake

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Mtunzi wa hadithi naye ni mwongo wa aina yake, ila sisi hadhira tumempa ruhusa ya kutudanganya. Hata hivyo, ruhusa hiyo ina masharti, na masharti hayo ndiyo ninayotaka kuyajadili leo na walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wao.

Muhula uliopita niliwaonyesha wanafunzi wangu wa isimu filamu ya Kimarekani iitwayo Man of the Year, iliyoongozwa na Barry Levinson na kutolewa mwaka wa 2006. Nia yangu ilikuwa kuchunguza lugha ya dhihaka katika siasa. Filamu yenyewe inamhusu Tom Dobbs, mchekeshaji wa runinga aliyeigizwa na marehemu Robin Williams. Dobbs anaingia katika kinyang'anyiro cha urais kama mzaha, mzaha ukawa kweli. Jina lake linakubaliwa katika majimbo 13 kati ya 50, anayanyakua yote 13, na anatangazwa rais mteule.

Kumbe hakushinda. Mashine mpya za kupigia kura, zilizoundwa na kampuni ya kubuniwa iitwayo Delacroy, zina hitilafu. Badala ya kufuata hesabu ya kura, zinafuata alfabeti kwa kuangalia herufi zilizorudiwa katika majina ya wagombea. Dobbs ana b mbili, Rais Kellogg ana g mbili, na Seneta Mills ana l mbili. Maadamu b hutangulia g, nayo g hutangulia l, basi Dobbs ndiye rais.

Filamu ilipomalizika, darasa liligawanyika. Kijana mmoja alishikilia kwamba hadithi yote ni upuuzi kwa kuwa hakuna taifa linaloweza kumkabidhi mchekeshaji ikulu. Binti mmoja aliyeketi nyuma akampinga kwa hoja tofauti kabisa: filamu ni ya vichekesho, na kichekesho hakiulizwi maswali. "Mwalimu," akaniambia, "tukianza kudai sababu katika kila kichekesho, tutacheka lini?"

Kijana alijibiwa na wenzake kabla sijafungua kinywa. Walimkumbusha Ukraine. Volodymyr Zelensky alikuwa mchekeshaji ambaye tangu mwaka wa 2015 aliigiza katika mfululizo wa runinga akiwa mwalimu wa historia. Mwalimu huyo anaghadhibika juu ya ufisadi, mwanafunzi wake anamrekodi, maneno yake yanaenea nchi nzima, na hatimaye anachaguliwa rais. Tarehe 21 Aprili 2019, Zelensky mwenyewe alichaguliwa rais wa nchi yake kwa takriban asilimia 73 ya kura za duru ya pili. Hivyo basi, jambo lililoonekana kuwa uongo mkubwa kuliko yote katika filamu ya 2006 ndilo ambalo ulimwengu ulikuja kulithibitisha. Kutotokea kwa jambo si hoja dhidi ya hadithi.

Swali la binti yule ni zito zaidi, na sikulijibu vyema siku hiyo. Nimelitafakari tangu wakati huo, na haya ndiyo ningemwambia.

Tazama ngano zetu. Sungura husema, hufanya biashara, hushtakiwa na hujitetea, na hakuna mtoto anayeuliza alijifunza wapi kusema. Lakini fanani akitwambia kwamba sungura alimkamata ndovu mguu akamwangusha kwa nguvu za mikono yake, watoto watapiga kelele. Kwa nini? Kwa sababu wamekwisha kuambiwa kwamba sungura ni mdogo wa mwili na mkubwa wa hila. Akishinda, sharti ashinde kwa hila. Sheria hiyo fanani ameiweka mwenyewe, na hadhira inamdai aitii. Aristotle aliligusa jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita aliposhauri kwamba ni heri mtunzi achague lisilowezekana lakini linalosadikika kuliko linalowezekana lakini halisadikiki.

Tuipime basi filamu yetu kwa sheria yake yenyewe.

Kwanza, siku ya uchaguzi Wamarekani hawamchagui rais peke yake. Huwachagua wabunge, maseneta, magavana, na katika sehemu nyingi majaji na wakuu wa polisi wa wilaya. Ikiwa mashine inafuata herufi zilizorudiwa, basi usiku ule ule akina Webb na akina Gibbs wangejikuta na vyeo kila upande wa nchi, nao akina Smith na akina Clark wangelala mapema. Mimi mwanaisimu nilicheka peke yangu nikifikiria Mohammed mwenye m mbili akipata kiti, na Mohamed mwenye m moja akikikosa, wote wakiwa na jina moja kwa asili na kwa matamshi. Hiki ndicho kichekesho kikubwa kilichokuwa mezani, na filamu haikukigusa. Tazama basi jinsi kufuata sababu kungetuongezea kicheko.

Pili, popote ambapo Dobbs hakuwa mgombea, kanuni hiyo hiyo inampa Kellogg ushindi dhidi ya Mills. Maana yake ni kwamba popote mashine zile zilipotumika, Seneta Mills hawezi kushinda hata jimbo moja, si kwao alikozaliwa, si katika ngome za chama chake. Je, wapigaji kura wake wote wangeitikia amina na kurudi makazini?

Tatu, na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu, filamu imemsahau mshindwa. Katika uchaguzi wowote, mtu wa kwanza kuuliza kura zilihesabiwaje ni yule aliyeshindwa. Mwaka wa 2000, katika nchi hiyo hiyo, tofauti ya kura 537 katika jimbo la Florida iliwapeleka wagombea mahakamani kwa muda wa wiki tano, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua tarehe 12 Disemba kwamba hesabu mpya isiendelee. Katika filamu, rais aliyeko madarakani anang'olewa na mchekeshaji, lakini hatumwoni akikimbilia mahakamani wala akidai hesabu mpya. Mzigo wote wa kuuliza unabebwa na mfanyakazi mmoja wa kampuni, Eleanor Green, aliyeigizwa na Laura Linney. Ili kuujaza mwanya huo, watunzi wanaleta wahuni wa kumdunga Eleanor dawa usiku, na kile kilichoanza kama kichekesho kinageuka kuwa hadithi ya vitisho. Mwishoni Dobbs anaungama mbele ya kamera za runinga, uchaguzi mwingine unafanyika, na Kellogg anarudi ikulu. Katiba ya Marekani haina kifungu cha kurudia uchaguzi wa rais, lakini filamu inaliruka jambo hilo kama mtu arukaye dimbwi.

Sina nia ya kuibeza kazi nzima. Jambo moja ndani yake ni la kweli kabisa: kampuni haikukusudia kumwibia mtu yeyote kura. Ilikosea, ikaogopa hasara, ikanyamaza. Uovu wa aina hiyo tunaujua. Isitoshe, hofu iliyoizaa filamu ilikuwa na msingi. Baada ya vurumai ya Florida, sheria ya mwaka wa 2002 ilitoa fedha za kubadilisha mashine kuukuu, na baadhi ya zile mpya zilikuwa tarakilishi zisizoacha karatasi yoyote ya kuhakikishia. Swali la raia wakati huo lilikuwa: tukishuku, tutahesabu nini? Mwaka wa 2020, jimbo la Georgia liliposhukiwa, takriban karatasi milioni 5 zilihesabiwa upya kwa mikono, na mshindi akabaki yule yule. Filamu ilikuwa na swali hilo mkononi ikaliacha lidondoke.

Ili tusionekane kudai makubwa mno, nawaomba walimu wailinganishe na filamu nyingine ya vichekesho, Election ya Alexander Payne, iliyotolewa mwaka wa 1999. Hapa uchaguzi ni wa kiongozi wa wanafunzi katika shule ya sekondari mjini Omaha. Mwanafunzi msimamizi anahesabu na kumpata Tracy Flick mshindi kwa kura moja. Mwalimu McAllister, ambaye hampendi Tracy, anahesabu mara ya pili, na kwa siri anatupa karatasi mbili katika pipa la taka. Ushindi unahama. Nani anamfichua? Mfagizi wa shule, ambaye kazi yake ni kumwaga takataka za pipa hilo. Naye ni mfagizi yule yule ambaye mwanzoni mwa filamu tulimwona akimkazia macho mwalimu huyo kwa kutupa uchafu ukaanguka nje ya pipa. Yote yamo: aliyehesabu kwanza, aliyehesabu baadaye, karatasi, pipa, na mtu mwenye sababu ya kuchungulia ndani ya pipa. Hakuna mhuni aliyehitajika. Nasi tunacheka kutoka mwanzo hadi mwisho, na kicheko chenyewe kinatuuma sisi walimu.

Huenda msomaji akauliza, haya yatufae nini? Nitajibu kwa kurudi darasani kwangu. Wanafunzi walioiona mianya ile hawakuiona kwa kuwa wamesoma nadharia za fasihi. Waliiona kwa kuwa ni Wakenya. Walikuwa na umri wa kusikia na kuelewa tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais kwa kauli ya majaji wanne dhidi ya wawili, na wananchi wakarudi vituoni tarehe 26 Oktoba. Jambo lililowashughulisha majaji halikuwa jumla ya kura pekee, bali njia iliyozaa jumla hiyo: fomu, sahihi, na jinsi matokeo yalivyopeperushwa. Mwaka wa 2022, fomu za 34A kutoka vituoni ziliwekwa wazi kwenye mtandao, kila mwenye hamu akaweza kujumlisha mwenyewe. Binti mmoja aliniuliza swali fupi kuhusu Man of the Year: "Mwalimu, fomu zao ziko wapi?" Wahakiki wengi wa kulipwa hawangeuliza vizuri zaidi.

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi ninaposikia mwanafunzi akisema kwamba kichekesho hakiulizwi maswali. Akili ni moja tu; hatuna moja ya sinema na nyingine ya uraia. Kijana aliyezoea kukubali tukio lisilo na sababu kwa kuwa limemchekesha, kesho atakubali tarakimu isiyo na sababu kwa kuwa imempendeza. Na yule aliyezoea kukataa kila asilolitarajia, atakataa pia matokeo ya haki kwa kuwa tu mgombea wake ameanguka. Wote wawili hawajafunzwa kuuliza swali lililo sahihi, ambalo si kama jambo linashangaza, bali ni kama limefuata kutokana na yaliyolitangulia.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa fasihi wasitosheke na kuwauliza wanafunzi dhamira na sifa za wahusika. Wawape filamu au tamthilia ya kuchekesha, kisha wawatake waeleze mtunzi ameweka sheria gani mwanzoni, ni wapi ameivunja, na ni nani katika hadithi aliyepaswa kulalamika lakini akanyamazishwa. Shule zetu nyingi sasa huwachagua viongozi wa wanafunzi kwa kura. Basi zoezi hilo lifanywe wiki ya uchaguzi wenyewe, na aliyeshindwa aruhusiwe kuhesabu.

Na binti yangu wa kule nyuma, aliyeniuliza tutacheka lini, namwomba afikirie tena akina Webb na akina Gibbs wakiapishwa nchi nzima kwa sababu ya b mbili. Kicheko hicho tungekipata kama mtunzi angefuata sheria aliyoiweka yeye mwenyewe.